Maji ya Rejeta Huenda Wapi? Somo kwa Wenye Malori na Mabasi

Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi si ndefu, lakini hupanda mlima kwa kona zilizobanana, na lori lililobeba saruji huipanda kwa gia za chini. Injini hulia, gari huenda polepole, na upepo unaopita mbele ya rejeta ni kidogo. Hapo ndipo ugonjwa uliojificha kwa wiki kadhaa kwenye tambarare ya Voi hujitokeza. Sindano ya joto hupanda, harufu ya mpira wa moto huingia kebini, na dereva huegesha kando ya mlima huku mvuke ukimtoka chini ya kiti.

Madereva wengi wana dawa moja ya tatizo hili, nayo ni mtungi wa lita 20 nyuma ya kiti. Maji yakipungua huongezwa, na jioni huongezwa tena. Siku zinakwenda, lita moja inakuwa tatu, na kazi hiyo hukabidhiwa tanboi kama vile kufuta kioo. Somo hili linahusu mtungi huo. Mfumo wa kupoza injini umefungwa, na maji yaliyotiwa leo ndiyo yanayopaswa kuwamo mwezi ujao. Yakipungua, yapo mahali yanakokwenda. Pasipotafutwa mapema, mahali hapo hujulikana siku ambayo hedi imepinda na lori limelala karakana mwezi mzima, huku mkopo ulionunua lori hilo ukiendelea kudaiwa kama kawaida.

Sehemu kubwa ya kazi hii mwenye gari anaweza kuifanya mwenyewe uani, akiwa na spana, bisibisi, beseni, kibuyu cha tochi na subira. Sehemu ndogo hawezi, na ni muhimu aijue mipaka hiyo kabla ya kushika spana.

Njia ya maji ndani ya injini

Dizeli ikiungua, sehemu kubwa ya nguvu yake hugeuka kuwa joto lisilosukuma gurudumu lolote. Baadhi ya joto hilo hutoka na moshi, na kiasi kingine huchukuliwa na maji. Pampu huyasukuma maji kuzunguka laina za silinda, kisha yakapanda hadi kwenye hedi na kufika kwenye thamostati, ambayo ni mlango unaojifungua wenyewe kwa joto. Injini ikiwa baridi, mlango huo umefungwa na maji hurudi kwenye pampu kwa njia ya mkato. Maji yakipata moto wa kutosha, karibu digrii 82 kwenye injini nyingi za malori, mlango huanza kufunguka na maji hupita mpira wa juu kuingia kwenye rejeta. Humo hupita kwenye mirija myembamba huku feni ikivuta hewa katikati yake, kisha hurudi kwenye pampu kwa mpira wa chini.

Kifuniko cha rejeta ndicho kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote, na ndicho kinachostahili maelezo marefu zaidi. Wengi hukichukulia kama kizibo cha chupa, kumbe kazi yake ni kuweka presha. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, na kiwango hicho hushuka karibu digrii moja kwa kila mita 300 za kupanda. Voi huchemka kwa digrii 98 hivi, na Nairobi, iliyo yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huchemka karibu na digrii 94. Injini inayofanya kazi kwa digrii 90 kwenye mlima ingekuwa kwenye ukingo wa kuchemka saa zote. Kifuniko chenye namba 0.9 juu yake hushikilia presha inayopandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu digrii 119. Kwa hiyo springi yake ikichoka, au mpira wake wa chini ukikatika, gari huchemsha ingawa pampu, feni na thamostati ni nzima. Na anayeziba mdomo wa rejeta kwa kitambaa au gunzi la mahindi, hata afike salama, ameendesha gari bila kinga hiyo.

Kifuniko kina vali ya pili, ndogo, katikati. Injini inapopoa, maji hujikusanya, na vali hiyo huruhusu maji ya tangi la akiba kurudi kwenye rejeta. Ikikwama, mpira wa juu huonekana asubuhi umenywea kama umenyonywa. Dalili hiyo peke yake inatosha kununua kifuniko kipya chenye namba ileile. Kuweka chenye namba kubwa zaidi eti kizuie kuchemka ni kuhamisha ugonjwa, kwani presha iliyozidi hupasua kilicho dhaifu, na mara nyingi hicho huwa rejeta yenyewe.

Sindano ikipanda barabarani

Hatua za barabarani hutegemea jambo moja: maji bado yamo au yameshatoka.

Kama sindano inapanda lakini hakuna mvuke wala maji chini, dereva apunguze mwendo, ashuke gia, afungue hita ya kebini hadi mwisho ili ichukue sehemu ya joto, kisha atafute mahali tambarare pa kuegesha. Injini iachwe ikizunguka bila mzigo kwa dakika chache, mwendo wake ukiwa juu kidogo ya kawaida, ili pampu na feni ziendelee kupoza. Sindano ikianza kushuka, injini izimwe.

Kama mpira umepasuka au mvuke unatoka kwa nguvu, hakuna cha kungoja. Injini izimwe palepale gari linapokuwa salama kando ya barabara, magurudumu yawekewe mawe, na vibao vya pembetatu vinavyotakiwa na sheria ya trafiki vipangwe nyuma na mbele mapema. Kwenye mlima wenye kona, kibao cha nyuma kiwekwe kabla ya kona, ambako dereva anayekuja atakiona angali na nafasi ya kufunga breki.

Hapa kuna hadaa ambayo imeua injini nyingi. Kihisi cha joto hupima maji. Maji yakiisha kabisa, kihisi hubaki kwenye hewa, na sindano inaweza kushuka hadi katikati kana kwamba mambo yametengemaa. Dereva hufurahi na kuendelea. Sindano iliyopanda sana kisha ikashuka ghafla, lori likiwa bado linapanda mlima, ni sababu ya kuzima injini mara moja.

Baada ya kuzima, kinachofuata ni kusubiri, na kusubiri ndiko kunakowashinda watu. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa na digrii 110 au zaidi bila kuchemka kwa sababu yamebanwa na presha. Kifuniko kikifunguliwa presha huondoka, na maji hayo hugeuka mvuke papo hapo na kuruka kwenye uso, shingo na mikono ya aliyefungua. Injini ya lori ni chuma kingi, na nusu saa mara nyingi haitoshi. Saa nzima ndiyo makadirio mazuri zaidi. Kipimo rahisi ni mpira wa juu: usogezewe mkono kwanza, kisha ubinywe. Ukiwa bado mgumu, au ukiwa na moto usioweza kushikika kwa kiganja, kifuniko kisiguswe. Ukiwa laini na vuguvugu, kifuniko kifunikwe kwa kitambaa kinene, kizungushwe hadi kituo cha kwanza tu, kiachwe kipumue, ndipo kitolewe, uso ukiwa umegeuziwa pembeni.

Mtu akiungua, sehemu iliyoungua iwekwe chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, pete na saa zivuliwe kabla ya uvimbe, pafunikwe kwa kitambaa safi, kisha apelekwe hospitali. Dawa ya meno, yai, mafuta ya kupikia na unga havina kazi hapo, ila kumwongezea daktari kazi ya kuosha.

Maji baridi yasimwagwe kwenye injini yenye moto, iwe kwa nje au kwa ndani. Chuma kilichopanuka kwa joto kikipozwa ghafla hupasuka, na hedi ya lori si kitu cha kununuliwa kwa pesa za mfukoni.

Kutafuta yanakokwenda

Uchunguzi hufanywa asubuhi, injini ikiwa baridi tangu usiku. Jioni iliyotangulia maji yajazwe, na kiwango kiwekewe alama kwenye tangi la akiba kwa kipande cha utepe. Makatoni makubwa yaliyokunjuliwa yatandazwe chini ya injini yote na chini ya rejeta. Katoni halisemi uongo. Tone moja huacha doa, na doa huonyesha wima ulipo mvujo, ingawa maji hupenda kutembea juu ya chuma kabla ya kudondoka, hivyo doa ni mwanzo tu wa kutafuta.

Malori mengi huhitaji kuinuliwa kebini ili injini ionekane. Kazi hii imewahi kuvunja watu migongo, na ina kanuni zisizobishaniwa. Gari liwe mahali sawa, breki ya mkono imevutwa, magurudumu yamewekewa mawe mbele na nyuma, na hakuna kitu kilichobaki huru kebini, hata chupa ya soda, kwani itatoboa kioo cha mbele. Kebini iinuliwe hadi mwisho na nguzo ya kuizuia ifungwe kwa pini yake. Kebini iliyoachwa nusu, ikishikiliwa na jeki tu au na gogo, isiingiwe chini na mtu yeyote.

Maji yanayovuja polepole hukauka kabla ya kudondoka, na huacha alama: ukoko mweupe wa chumvi, mstari wa kutu, au unga wa kijani au wa waridi ikiwa rejeta ina kulanti. Alama hizo zitafutwe kwa tochi kwenye kila ncha ya mpira, kwenye mshono wa rejeta na matangi yake ya juu na chini, kuzunguka nyumba ya thamostati, na nyuma ya injini ambako mipira ya hita hupita na watu husahau kutazama. Zulia la kebini likiwa na unyevu upande wa abiria, na kioo cha mbele kikipata utando wenye harufu tamu, mvujo uko kwenye hita, ndani.

Pampu ya maji ina kitundu kidogo chini ya shingo yake. Hakikutobolewa kwa bahati mbaya, na hakizibwi. Kiliwekwa na mtengenezaji ili sili ya ndani ikichoka maji yatokee hapo badala ya kuingia kwenye beringi. Unyevu kidogo wa muda mfupi kwenye pampu mpya si neno, lakini kitundu kinachodondosha kila siku kinasema pampu imekwisha. Wapo waliokiziba kwa gundi ya chuma na kujisifu kwa wiki mbili. Wiki ya tatu beringi ilikatika, feni ikaingia kwenye rejeta, na kilichokuwa kuharibika kwa kifaa kimoja kikawa cha vitatu.

Injini izimwe, kisha ncha za feni zishikwe na kutikiswa mbele na nyuma. Mchezo unaosikika mkononi ni beringi ya pampu, au ya klachi ya feni.

Kama makatoni ni makavu, hakuna ukoko popote, na maji bado yanapungua, basi yanapotea kwa ndani. Hapo pana dalili nne za kutazama. Kijiti cha mafuta ya injini kikitoka na utando wa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye mafuta. Moshi mweupe mzito unaoendelea hata injini ikiwa imepata moto humaanisha maji yanaungua ndani ya silinda. Mapovu yanayopanda bila kukoma kwenye mdomo wa rejeta, injini ikiwa imewashwa baridi na kifuniko kimeondolewa, ni gesi ya silinda inayosukuma maji nje. Na mpira wa juu ukikakamaa kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini iliyolala usiku kucha, ni gesi hiyohiyo, kwa kuwa maji bado hayajapata joto la kuleta presha. Yoyote kati ya hizo nne inaelekeza kwenye gasketi ya hedi, hedi iliyopasuka, au laina iliyotoboka. Lori lenye dalili hizo lisiendeshwe hata hadi mji wa karibu. Livutwe lipelekwe kwa fundi mwenye vifaa vya kupima unyoofu wa hedi, kwa sababu kubadilisha gasketi bila kupima hedi ni kuinunua gasketi mara mbili.

Matengenezo ya uani

Mpira ndio huanza. Ubinywe kwa urefu wake wote. Uliolegea kama mkate uliolowa, wenye nyufa karibu na ncha, au uliovimba mahali pamoja, haufai kusubiri. Mfumo umwagwe kwanza kupitia koki iliyo chini ya rejeta, maji yakikingwa kwenye beseni. Mpira ulioganda kwenye bomba usizungushwe kwa nguvu wala kutiwa bisibisi, maana shingo ya rejeta ni nyembamba na huvunjika. Upasuliwe kwa kisu kwa urefu na kumenywa kama ganda la muhogo. Bomba lisuguliwe hadi kutu iishe, mpira mpya upakwe maji ya sabuni uteleze, wala si grisi, ambayo huila raba. Klampu ikae nyuma ya ukingo uliovimba wa bomba, si juu yake. Waya wa kufungia ua unaweza kumfikisha mtu nyumbani, ila hukata mpira polepole, na aliyeutumia hukumbuka habari yake siku ya pili mlimani.

Thamostati ina hadithi ndefu zaidi. Gari likichemsha, ushauri wa kwanza wa barabarani ni kuing'oa na kuitupa. Wakati mwingine gari hupoa kwa muda, na hiyo ndiyo sababu ushauri huo haufi. Lakini kwenye injini nyingi kubwa thamostati ikifunguka huziba ile njia ya mkato pia. Ikiondolewa, njia ya mkato hubaki wazi, na sehemu ya maji yenye moto huzunguka tena kwenye injini bila kuonja rejeta. Kwenye mlima mrefu lori hilo huchemsha vibaya kuliko mwanzo. Kwenye tambarare asubuhi halipati moto wa kutosha, hula dizeli zaidi, na silinda huchakaa upesi.

Badala ya kuitupa, thamostati ipimwe. Ining'inizwe kwa uzi ndani ya sufuria kuukuu ya maji, isiguse chini, pamoja na kipimajoto, kisha maji yapashwe. Digrii zimechapwa juu yake. Ianze kufunguka karibu na namba hiyo na iwe wazi kabisa digrii 10 hadi 15 baadaye, na ijifunge ikipoa. Isiyofunguka, au isiyojifunga, ibadilishwe kwa yenye namba ileile pamoja na gasketi yake. Nyingi zina kipini kidogo kinachocheza ukingoni. Kielekezwe juu, kwani ndicho kinachoruhusu hewa kupita wakati wa kujaza. Sufuria hiyo isirudi jikoni.

Mikanda ni kazi ya dakika chache. Ibonyezwe kwa dole gumba katikati ya puli mbili: ikibonyea kwa takriban sentimita moja ni sawa, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Yenye nyufa au inayong'aa ubavuni ibadilishwe, na ikiwa ni miwili inayokimbia pamoja, hununuliwa miwili.

Feni ya malori mengi haijafungwa moja kwa moja na injini. Katikati ina klachi yenye mafuta mazito ya silikoni, inayoshika kadiri joto linavyopanda. Injini ikiwa imezimwa, feni izungushwe kwa mkono. Iwe nzito kidogo na isimame mapema. Ikizunguka huru kama pia, au ikiwa na michirizi ya mafuta kutoka katikati, klachi imekufa, na lori litachemsha milimani tu huku likionekana zima kwenye tambarare. Ile ngao ya plastiki inayoizunguka feni nayo itazamwe. Mara nyingi ilivunjika zamani ikatupwa, na bila ngao feni huzungusha hewa ileile yenye moto badala ya kuvuta mpya kupitia rejeta.

Kisha uchafu. Malori yenye tabo huwa na kipoza hewa mbele ya rejeta, na kati ya viwili hivyo kuna nafasi nyembamba ambayo haionekani kwa mbele. Vumbi jekundu, mabawa ya wadudu, na kwa malori yanayobeba mkonge nyuzi zake, hujazana humo hadi kuwa kama mkeka. Mwenye gari hutazama mbele, akaona pasafi, akanunua pampu isiyohitajika. Bolti za kipoza hewa zilegezwe, kisogezwe mbele, na uchafu utolewe kwa brashi laini na maji ya mpira wa bustani, yakielekezwa kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa tena.

Rejeta iliyotoboka hutegemea imetengenezwa kwa nini. Ya shaba huchomelewa vizuri na mafundi wa jua kali, na hata mirija yake huchokolewa ikiziba. Ya alumini yenye matangi ya plastiki haichomelewi kwa risasi, na tangi la plastiki lililopasuka hubadilishwa. Wapo wanaotia unga wa mahindi, yai bichi au manjano ndani ya rejeta ili tundu lizibe. Tundu huziba kweli, na mirija kumi nayo huziba, pamoja na hita.

Maji gani yarudishwe

Maji ya visima vingi vya tambarare za Taita Taveta yana chumvi na chokaa. Anayeyachemshia chai anaujua utando mweupe unaobaki ndani ya birika. Utando huohuo hujenga kwenye kuta za laina na mirija ya rejeta, na joto hulipita kwa shida. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kusafika ni bora mara nyingi zaidi, na bora kuliko hayo ni maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri. Ni maji, si asidi, chupa isomwe.

Kulanti huchukuliwa na wengi kama anasa ya nchi zenye barafu. Kwenye injini kubwa za dizeli kazi yake nyingine ni kubwa zaidi. Laina za silinda zilizozungukwa na maji hutetemeka kila dizeli inapolipuka, na mtetemo huo huzaa mapovu madogo mno ambayo yakipasuka juu ya chuma huling'ata kidogokidogo. Baada ya muda hutokea vitundu kama vya sindano vinavyopenya hadi ndani ya silinda. Dawa zilizomo kwenye kulanti ya dizeli nzito huweka ngozi nyembamba inayokinga chuma dhidi ya mapovu hayo na dhidi ya kutu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji safi ndio wa kawaida, na muda wake wa kubadilishwa umeandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye mtungi. Rangi haisemi aina, kwani kila mtengenezaji huchagua yake. Aina mbili zisizopatana zikichanganywa zinaweza kuganda kama uji.

Kulanti kuukuu isimwagwe uani wala mtaroni. Nyingi zimetengenezwa kwa ethilini glaikoli, sumu yenye ladha tamu. Mbwa, mbuzi na mtoto mdogo wataionja, na kiasi kidogo huharibu figo. Beseni lifunikwe wakati kazi ikiendelea, na kilichomo kitiwe kwenye mtungi wenye kifuniko ulioandikwa SUMU, usiwe ule mtungi wa maji wa nyuma ya kiti, kisha kipelekwe karakana inayokusanya mafuta machafu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kumwaga sumu kwenye maji, na mitaro ya mjini Voi huishia mtoni.

Kujaza ndiko kunakoharibu kazi nzuri. Maji yakimiminwa haraka, hewa hubaki kwenye kona za juu, hasa hita na nyumba ya thamostati, na injini huchemsha ingawa rejeta inaonekana imejaa. Lori liwe mahali sawa, hita ifunguliwe hadi upande wa moto, na skrubu ya kutoa hewa, ikiwapo, ilegezwe hadi maji yatoke bila mapovu. Yamiminwe polepole hadi yatulie. Injini iwashwe bila mwendo, kifuniko kikiwa wazi, na maji yaongezwe kadiri yanavyoshuka huku mpira wa juu ukibinywabinywa. Kabla maji hayajapata moto wa kuruka, kifuniko kifungwe. Mpira wa chini ukianza kupata joto, thamostati imefunguka. Injini izimwe ipoe kabisa, klampu zikazwe mara ya pili, kiwango kisawazishwe na alama mpya ya utepe ibandikwe.

Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo, hadi Maungu na kurudi kwa mfano, dereva akitazama sindano zaidi ya kawaida yake. Makatoni yatandazwe tena usiku huo. Asubuhi, kabla ya kuwasha, tanboi akitazama akakuta katoni ni kavu na maji yako palepale kwenye utepe, lori lipakiwe mzigo wa Wundanyi.